Maswali ya bao: kimbi, nyumba na kete ya kwanza

Barua za safari hii karibu zote zinauliza juu ya bao la Kiswahili, lile la mashimo 32 na kete 64, na nyingi zimetoka kwa watu waliokwisha kugombana juu ya ubao. Ili tuelewane, mashimo tunayahesabu kutoka mkono wa kushoto wa mwenye upande, la 1 hadi la 8, mbele na nyuma. Mwenzako anayekukabili anahesabu kutoka kushoto kwake yeye. Kwa hiyo ukijumlisha namba ya shimo lako la mbele na ya lile linalolikabili, jibu ni 9 siku zote: la 3 lako linatazamana na la 6 lake, la 8 lako na la 1 lake.

Nimeagizwa kuchonga bao na sijawahi kulichonga. Vipimo vyake ni vipi, na nyumba inakaa wapi? (Fundi seremala, Pangani)

Anza na kete, ndipo uende kwenye ubao. Komwe iliyokomaa, mbegu inayotumika kama kete, ina upana wa karibu sentimita 2, na shimo linatakiwa liingize vidole vinne vya mchezaji na bado vipate nafasi ya kuzoa. Upana wa sentimita 6 na nusu na kina cha sentimita 3 vinatosha. Sakafu ya shimo iwe ya mviringo kama bakuli. Ukichonga kuta wima na sakafu bapa, kete zitajibana kwenye kona, na mchezaji atazoa akidhani amemaliza kumbe moja imebaki. Kosa hilo moja linaharibu mchezo mzima.

Kati ya shimo na shimo, na pembezoni vilevile, acha ukuta wa sentimita 1. Kwa hesabu hiyo mashimo manane na kuta zake yanachukua sentimita 61 kwa urefu, na safu nne zinachukua 31 kwa upana. Ongeza sentimita 10 kila mwisho kwa ajili ya ghala, yaani mahali pa kuweka kete za mkononi. Unene wa ubao usipungue sentimita 5. Mninga na mvule zinafaa, ila ziwe zimekauka kabisa. Mbao mbichi hupasuka penye ukuta mwembamba kati ya mashimo, na ukishapasuka hapo hakuna gundi itakayouzuia usipanuke.

Nyumba ni shimo la 5 la safu ya mbele kwa kila mchezaji, nalo huchongwa la mraba ili lijulikane. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea: wanazichonga nyumba mbili zikitazamana. La 5 lako linakabili la 4 la mwenzako, kwa hiyo nyumba mbili hukaa mshazari, kila moja upande wa kulia wa mstari wa katikati kwa mwenyewe. Ukimaliza kuchora mashimo kwa penseli, kaa upande mmoja uhesabu tano kutoka kushoto uweke alama, kisha uhamie upande wa pili ufanye vilevile. Usigeuze ubao kichwani, zunguka mwenyewe.

Komwe zetu zimepotea 6. Tunaweza kuchanganya na kokoto? (Msomaji, Lindi)

Mnaweza, ila zisitofautiane sana kwa ukubwa. Mchezaji mzoefu hukadiria idadi kwa macho, na kokoto kubwa itamdanganya. Afadhali mchume komwe nyingine. Mkomwe huota vichakani karibu na pwani, maganda yake yana miiba, na kila ganda huwa na mbegu moja au mbili za kijivu, ngumu na laini kwa juu. Zinazoelea zikatupwa ufukweni na mawimbi ni nzuri vilevile.

Ninaanza mimi. Kete ya kwanza niiweke wapi? Kila mtu ananiambia lake. (Mwanafunzi, Tanga)

Swali hili lina jibu kamili, kwa sababu hatua za kwanza ziko nne tu. Tuzipitie zote.

Mwanzoni kila mchezaji anaweka kete 6 kwenye nyumba, 2 kwenye shimo la 6 na 2 kwenye la 7. Hizo ni 10, na 22 zinabaki mkononi. Kipindi hiki huitwa namua: kila zamu unaingiza kete moja ya mkononi kwenye shimo la mbele lenye kete. Shimo la mwenzako linalolikabili likiwa nalo lina kete, unazila, na kula ni lazima. Kama hakuna pa kula, unatakasa: unaingiza kete, unazoa zote za shimo hilo na kuzitembeza kulia au kushoto, moja kila shimo.

Mashimo yako yenye kete ni la 5, la 6 na la 7. Yanakabili la 4, la 3 na la 2 la mwenzako, ambayo ni matupu. Basi hakuna mtaji, yaani nafasi ya kula, na anayeanza hana budi kutakasa. Kuanza kutakasa na nyumba hairuhusiwi ikiwa kuna shimo jingine la mbele lenye kete. Yanabaki la 6 na la 7, kila moja kulia au kushoto.

La 6 kulia: kete zimekuwa 3. Zinaingia la 7, la 8, na la 8 la nyuma. Shimo hilo la mwisho lilikuwa tupu, kwa hiyo unalala, yaani zamu yako imekwisha. La 7 kulia: zinaingia la 8, la 8 la nyuma na la 7 la nyuma, unalala. Hatua hizi mbili hazimpi mwenzako chochote. Mashimo yake yenye kete, la 5, la 6 na la 7, yanakabili la 4, la 3 na la 2 lako, nayo bado matupu. Naye italazimu atakase.

La 7 kushoto: la 6 linakuwa na 3, nyumba 7, na kete ya mwisho inalala la 4. Hapo umeweka kete moja mbele ya nyumba yake yenye 6, na mgeni hudhani ametisha. Lakini zamu ni ya mwenzako. Analazimika kula, na mahali pekee pa kula ni hapo: anaingiza kete kwenye nyumba yake, anachukua moja yako na kuipeleka kichwani, yaani shimo la mwisho la safu yake ya mbele. Sasa yeye ana 12 ubaoni, wewe 10, na tishio limekwisha. Hii ndiyo hatua mbaya kuliko zote nne.

La 6 kushoto: nyumba inakuwa 7, la 4 linapata 1, la 3 linapata 1, unalala. Hapa kuna mtego wa kweli. Mwenzako anaweza kula la 3 lako kwa kutumia la 6 lake, au la 4 lako kwa kutumia nyumba yake. Akila la 3, wewe unaingiza kete la 4 na kuzoa nyumba yake yote, kete 6. Akijua kazi atakula la 4. Nawe utajibu kwa kuingiza la 3, ambalo linakabili la 6 lake lenye 2, na kuzila. Yeye amepata 1, wewe umepata 2. Bei yake ni kwamba ubao umefunguka mapema, na asiyezoea kuhesabu mbele atajikuta anakimbizwa.

Ushauri wetu: anayejifunza acheze kulia, la 6 au la 7, mpaka aweze kuuona mtego wa la 6 kushoto kabla kete haijaingia.

Nimekula kete kwenye shimo la 7, nikataka kuanzia kichwa cha kushoto. Wakanizuia. Nani ana haki? (Msomaji, Kilifi)

Wao. Na kwa kuwa ugomvi huu ndio mkubwa kuliko wote kwenye mabaraza, tutaueleza kwa kirefu.

Kete zilizoliwa haziwekwi kando wala hazianzii palipoliwa. Zinatembezwa upande wako kuanzia kichwani, na kichwa ni shimo la 1 au la 8 la mbele. Kipi kati ya hivyo viwili, kinategemea ulipokula. Mashimo mawili ya mwisho kila upande, la 1 na la 2, la 7 na la 8, ndiyo kimbi. Ukila kwenye kimbi huna hiari: la 1 au la 2 unaanzia la 1 kwenda kulia, la 7 au la 8 unaanzia la 8 kwenda kushoto. Ukila katikati, kuanzia la 3 hadi la 6, na ndiyo mara ya kwanza kula katika zamu hiyo ya namua, unachagua kichwa unachotaka.

Chukua mfano wako mwenyewe. La 7 lako lina kete 1, la 2 la mwenzako lina 5. Unaingiza moja, unakula tano, unaanzia la 8: la 8, la 7, la 6, la 5, la 4. Ya mwisho imeangukia la 4. Kama la 4 lilikuwa na kete na la 5 lake, ambalo ni nyumba, lina kete, unaila nyumba. Kama la 4 lilikuwa na kete lakini mbele yake ni patupu, unazizoa za la 4 na kuendelea kushoto. Kama la 4 lilikuwa tupu, umelala.

Sasa jambo linalosahauliwa. Ukishaanza kutembea, mwelekeo unaufuata. Ukila tena katikati huku unatembea kulia, unaanza upya la 1. Ukiwa unatembea kushoto, unaanza upya la 8. Uhuru wa kuchagua ulikuwa wa mara ya kwanza tu. Kimbi peke yake ndiyo inayogeuza njia: umetembea kulia, ukaishia la 7 ukala, unaanza la 8 na sasa unarudi kushoto. Wachezaji wazuri huitafuta kimbi kwa makusudi kwa sababu hiyo. Wanapita juu ya mashimo yaleyale mara mbili, wakiyajaza wanapokwenda na kuyatumia wanaporudi.

Hesabu ya kichwani inasaidia sana hapa. Ukila 5 na kuanzia la 1, ya mwisho inaingia nyumbani. Ukila 4 na kuanzia la 8, vilevile nyumbani. Ukila 8 unaishia kichwa cha pili. Ukila 9 unaingia safu ya nyuma. Mwenye kuzijua hizi hahitaji kunyooshea mashimo kidole akihesabu.

Nyumba niivunje lini? (Msomaji, Bagamoyo)

Kwanza tuweke sawa haki za nyumba. Nyumba ni hai ikiwa ina kete 6 au zaidi na mwenyewe hajaivunja. Katika namua, ukiwa umekula na kete yako ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako hai, huku shimo linaloikabili ni tupu, una hiari mbili: ulale hapo, au uzoe zote uende safari. Shimo linaloikabili likiwa na kete, huna hiari, unakula, na nyumba inabaki kama ilivyo. Ukiwa unatakasa na ya mwisho ikaingia nyumbani, unalala, safari hakuna. Ukishasafiri umeivunja, nyumba imekwisha. Shimo hilo linakuwa kama mengine hata likijaa tena.

Ikitokea nyumba ndiyo shimo pekee la mbele lenye kete na huna pa kula, unaingiza kete yako humo, unatoa mbili tu na kuzitembeza kulia au kushoto. Zilizobaki zinatulia.

Ama lini uivunje, tazama mambo mawili. La kwanza ni mahali safari itakapoishia. Nyumba yenye 9, ukisafiri kulia, inapita la 6, la 7, la 8, kisha inarudi kwa safu ya nyuma mpaka la 3 la nyuma. Shimo hilo likiwa tupu, umelala, na kete 6 kati ya 9 zimekwenda nyuma. Za nyuma haziliwi na mtu, hilo ni zuri. Lakini katika namua huwezi kuanzia zamu nyuma, kwa hiyo umejinyima silaha huku mwenzako bado anayo yake. Safari ya namna hiyo ndiyo inayowamaliza wengi. Safari nzuri inaishia kwenye shimo la mbele lenye kete na lenye cha kula mbele yake, au kwenye shimo la nyuma lenye kete za kukurudisha mbele.

La pili ni la 4 la mwenzako, linalokabili nyumba yako. Likiwa tupu, hawezi kuila nyumba yako kwa kuingiza kete ya mkononi, kwa maana huingizwa penye kete tu. Akiweka moja hapo na kulala, zamu ni yako, nawe unaweza kuila kwa kete ya nyumba. Hatari ya kweli iko kwa mchezaji anayetembea mizunguko miwili katika zamu moja: mzunguko wa kwanza unadondosha kete la 4, wa pili unaishia palepale, na nyumba imekwenda kabla hujafungua mdomo. Kwa hiyo hesabu kete zilizo mahali anapoweza kula. Ukiona ana mtaji wa 4 wa kuanzia kushoto kwake au wa 5 wa kuanzia kulia kwake, ujue ya mwisho inaishia la 4 lake. Hapo ndipo pa kusafiri, hata kama safari yenyewe si ya kujivunia. Nyumba ya 14 iliyotawanyika bado ni yako.

Nikitakasa na ya mwisho ikaishia mahali pa kula, nile? (Msomaji, Unguja)

Hapana. Zamu iliyoanza kwa kutakasa inaisha kwa kutakasa. Ya mwisho ikiangukia penye kete, ukiacha nyumba hai tuliyoitaja juu, unazizoa na kuendelea, mbele kuwe na cha kula au kusiwe. Ikiangukia patupu unalala.

Kete za mkononi zimekwisha. Kwa nini shimo la kete 17 halinisaidii kula? Na takasia ni nini? (Msomaji, Mikindani)

Mkono ukiisha, baada ya kila mmoja kuingiza zote 22, mnaingia kipindi cha mtaji. Sasa unaanza na shimo lolote lako, mbele au nyuma, lenye kete 2 au zaidi, na unatembea upande unaotaka. Ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, linalokabili lenye kete, umekula, na kula bado ni lazima. Kichwa hapa kinafuata mwelekeo uliokuja nao, isipokuwa kwenye kimbi, ambako kanuni ni ileile.

Shimo lenye kete zaidi ya 15 haliwezi kuanzisha kula. Upande wako una mashimo 16 jumla, kwa hiyo kete 15 zinafika shimo la jirani na ulikoanzia, na ya 16 inarudi palepale ulipozoa. Kula kwa mzunguko uliokamilika hakukubaliwi. Ndiyo maana anayelimbikiza nyumba ya kete 18 mpaka mwisho wa namua hujikuta na mali isiyoingia sokoni. Afadhali iende safari ikiwa na 10 au 12, wakati bado inaishia mahali pa maana.

Usipokuwa na pa kula, unatakasa kwa shimo la mbele lenye 2 au zaidi. La nyuma linatumika pale tu ambapo mbele hakuna.

Takasia inatokea katika mtaji. Wewe umetakasa, mwenzako naye hana pa kula, na ulivyoacha ubao unatishia shimo lake moja, moja tu. Shimo hilo linafungwa: haruhusiwi kuanza zamu nalo ili kulitorosha. Kuna nafuu tatu. Halifungwi ikiwa ni nyumba yake, ikiwa ndilo shimo lake pekee la mbele lenye kete, au ikiwa ndilo pekee la mbele lenye zaidi ya kete moja. Ukitishia mashimo mawili, hakuna takasia, anaweza kulianza lolote. Wengi wanaitangaza takasia bila kuangalia kwanza kama mwenzao ana pa kula. Akiwa napo, anakula, na hakuna kilichofungwa.

Nataka kumfundisha mtoto wa miaka 8. Nianzie wapi? (Mzazi, Dodoma)

Anza na bao la kujifunza. Kete zote zinawekwa ubaoni, mbili mbili kila shimo, mkononi hakuna kitu, na mnaanza moja kwa moja na mtaji. Nyumba haina haki yoyote, ni shimo kama mengine. Mtoto anajifunza mambo mawili tu, kutembea na kula, na hayo mawili ndiyo bao lote.

Zoezi la kumpa ni hili, na lina jibu, kwa hiyo utajua kama amepatia. Atoe kete 2 za shimo la 1 la mbele aende kulia. Ya mwisho inaingia la 3, anakula 2. Anaanzia la 1, ya mwisho inaingia la 2, anakula 2 tena. Hapo ni kimbi, anaanzia la 1, anaishia la 2, lakini mbele yake sasa ni patupu: anazoa 5 na kwenda mpaka la 7. Anakula 2. Kimbi ya kulia, anaanzia la 8 kurudi kushoto, anaishia la 7 ambalo mbele yake pamekwisha liwa, anazoa 4 mpaka la 3. Mbele ya la 3 ni patupu, anazoa 5: la 2, la 1, kisha nyuma la 1, la 2, la 3. Anazoa 3 za hapo mpaka la 6 la nyuma, anazoa 3 nyingine: la 7 la nyuma, la 8 la nyuma, na la 8 la mbele. Anakula 2, anaanzia la 8, ya mwisho inaingia la 7, ambalo ni tupu. Amelala.

Amekula mara nne, kete 8, na upande wake sasa una 40: mbele 22, nyuma 18. Ikitoka tofauti, mahali pa kwanza pa kutazama ni la 7 alipogeuka. Watoto huendelea kulia badala ya kwenda la 8 na kurudi. Mrudishie ubao, afanye tena. Akilipata zoezi hili mara tatu mfululizo bila kuambiwa, amekwisha ielewa kimbi, na kuna watu wazima wanaokaa barazani kila jioni ambao bado.

Omweso wa Uganda ni bao hilihili? (Msomaji, Bukoba)

Ubao ni sawa, safu nne za mashimo manane, na kete 64, ambazo wenyewe huziita empiki. Mchezo ni mwingine. Omweso hauna nyumba wala namua: kila mmoja ana kete 32 ubaoni tangu mwanzo. Kula kunahitaji mashimo yote mawili ya mwenzako katika mstari huo, la mbele na la nyuma, yawe na kete, na unazichukua za yote mawili. Kwa hiyo safu ya nyuma, ambayo kwetu ni kimbilio, kwao inaliwa. Zilizoliwa hazianzii kichwani, zinaanzia pale mwendo uliokula ulipoanzia. Anayetoka kwenye bao akaingia kwenye omweso hukosea hapo kwanza, mkono unakwenda kichwani wenyewe.

Igisoro wa Rwanda nao una safu nne na kete 64. Ethiopia na Eritrea wana mabao ya safu tatu. Oware ya Afrika Magharibi iko mbali zaidi: safu mbili za mashimo sita, kete 48, nne nne. Unakula pale kete yako ya mwisho inapolifanya shimo la mwenzako liwe na 2 au 3, na zilizoliwa zinatoka ubaoni kabisa. Anayefikisha 25 ameshinda. Kwetu kete haitoki ubaoni hata moja, na hapo ndipo bao linapokuwa gumu kuliko oware: aliyenyang'anywa nusu ya kete zake anaweza kuzirudisha kwa zamu moja.

Mwenzangu ana kete 13, zote nyuma. Mimi nasema nimeshinda, yeye anasema bado ana kete. (Msomaji, Kilwa)

Umeshinda. Bao linakwisha safu ya mbele ya mchezaji ikibaki tupu, hata nyuma kuwe na nini. Linakwisha pia, katika mtaji, ikiwa mwenye zamu hana shimo lolote lenye kete 2 au zaidi. Mbele ikikauka mapema, wakati wa namua, huko ni kufungwa mkononi, na kati ya wachezaji ni aibu nzito kuliko kufungwa kwa kawaida.

Kijiji chetu na cha jirani tuna kanuni tofauti. Zipi ndizo? (Msomaji, Pemba)

Kanuni tulizojibia hapa ni za wachezaji wa Zanzibar, ambazo mtafiti Mholanzi Alex de Voogt aliziandika kwa makini katika utafiti wake wa mwaka 1995 juu ya mabingwa wa bao. Mkikutana na wageni, kubalianeni mambo matatu kabla ya kete ya kwanza: haki za nyumba, shimo la kete 16, na takasia. Ndiyo yanayotofautiana zaidi. Mengine mtayakuta sawa.

Mwenzangu alitembeza kete muda mrefu mpaka nikashuku ameruka shimo. Tunajuaje? (Msomaji, Mombasa)

Zamu ndefu peke yake si kosa, na zipo hata zisizokwisha kabisa, kete zinazunguka bila kupata pa kulala. Hizo ni nadra, na mkizifikia simamisheni mchezo muanze upya. Kuruka shimo ni vigumu kukugundua baadaye, kwa hiyo mwambie atembeze kete moja moja, polepole, huku mkono ukiwa juu ya ubao muda wote.

Kinachoweza kuhakikiwa ni kete za mkononi. Aliyeanza akishaweka yake na mwenzake bado, mkono wake unapungua kwa moja. Wote wakishaweka, mikono iko sawa. Ikiwa haiko sawa, kuna aliyeweka mbili au aliyecheza bila kuweka. Hesabuni ghala zote mbili kila baada ya zamu tano, kosa likipatikana hapo bado mnaweza kukumbuka lilipoanzia. Likigunduliwa mkono umekwisha, hamna cha kurudisha, pangeni upya.